SOMO: Kumzoesha papi (mtoto wa mbwa) kubaki peke yake kwenye kreti (kizimba chake cha kulala) bila mtaa mzima kukesha

Wadau salama? Hili swali nimeulizwa na watu wengi hapa Mwanga, Kigoma, mpaka nimeona bora niandike mara moja. Mtu kaletewa papi wa miezi miwili, kachongesha kreti kwa fundi wa kuchomelea, kamfungia humo saa moja asubuhi, kawasha pikipiki kaenda zake kazini, jioni anarudi anakuta majirani wamenuna na papi kalowa mate na mkojo, afu anasema huyu mbwa mkorofi. Sio mkorofi. Papi wa wiki nane hajawahi kuwa peke yake tangu azaliwe, alikuwa analala amebanana na ndugu zake na mama yao, we umemtoa huko leo, umemfungia kwenye chuma, umeondoka. Lazima alie.

Na hapa ndo wengi wanapochanganya. Kukaa kwenye kreti ni somo moja, kubaki peke yake ni somo lingine kabisa. Unaweza ukawa na papi anayeipenda kreti yake, mchana anajipeleka mwenyewe kulala humo, ila ukifika getini tu anaanza kupiga mayowe. Ukiyachanganya yote mawili siku moja ndo unapata zile kelele.

KRETI YENYEWE
Asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke, ajinyooshe alale, basi. Ukichonga kubwa ukisema atakua, ataigawa vyumba, kona hii kitanda, kona ile choo. Kama ishachongwa kubwa weka ubao katikati uwe unausogeza kadri anavyokua. Nondo zibanane kichwa kisipite. Chini pasiwe wavu mtupu maana unaumiza vidole, weka ubao na juu yake gunia safi au kitenge kilichochoka. Mkanda wa shingoni vua kila ukimfungia, ukinasa kwenye nondo na we haupo unaweza kumnyonga. Na joto jamani, kreti ya chuma chini ya bati saa saba mchana ni jiko.

HATUA YA 1: Mlango wazi
Ufunge mlango na kamba ubaki wazi usije ukamgonga, mbwa akishtuka siku ya kwanza unaanza upya. Chakula chake chote akile humo. Leo sahani mlangoni, kesho ndani kidogo, mpaka ifike nyuma kabisa. Na Kigoma hatuna shida ya chambo, dagaa wakavu wasio na chumvi unatupia mmoja mmoja unanyamaza. Usimsukume matako aingie. Akiingia akatoka na dagaa wake mdomoni mwache aende.

HATUA YA 2: Mlango umefungwa, we upo
Akiwa anakula funga mlango, ufungue kabla hajamaliza. Baadae akimaliza unakawia kidogo kufungua. Kisha vuta kigoda ukae pembeni unachambua mchele au unachezea simu, humsemeshi, humwangalii, upo tu. Akijilaza na kuweka kidevu chini, hapo ameelewa.

HATUA YA 3: Kuondoka (hapa ndo penye kazi)
Simama, piga hatua mbili, rudi kaa. Nenda mpaka mlangoni, rudi. Toka nje, hesabu mpaka tano, rudi. Kanuni ni moja: rudi kabla hajaanza kulia. Watu wanangoja alie ndo wanakimbilia, hapo umemfundisha kwamba kilio ndo kinakuleta. Na usipandishe muda moja kwa moja, changanya, sekunde thelathini, halafu kumi, halafu dakika, halafu sekunde tano, maana ukiongeza tu kila mara naye anaanza kuona kila safari inayokuja ni mbaya kuliko iliyopita. Ukishafika dakika kumi na tano, ishirini, kimya, kuongeza kunakuwa rahisi zaidi.

Kuna kitu kingine, papi anajua unaondoka kabla hujaondoka. Funguo zikilia, helmeti ikishuka msumarini, ukivaa viatu, moyo wake ushaanza kwenda mbio. Kwahiyo chukua funguo afu kaa uangalie taarifa ya habari. Vaa helmeti ukafagie uani (majirani watakushangaa, waache). Washa pikipiki, izime, rudi ndani. Rudia mpaka zile ishara zisiwe na maana yoyote kwake.

Sasa kuhusu kilio, jifunze kutofautisha. Kuna mguno wa kulalamika, unapanda unashuka, unakata katikati anasikiliza kama unakuja, huo vumilia, akinyamaza kidogo ndo uingie. Ila akipiga kelele mfululizo, anadondosha mate, anang'ata nondo, anahema na hakuna joto, hata dagaa mbele yake hamgusi, huyo kaogopa kweli, mtoe na kesho rudi hatua nyuma. Wale wa "mwache alie atazoea" sikubaliani nao. Anachokizoea ni kuichukia kreti, na wengine wanavunja meno humo. Kama huna uhakika anafanyaje ukitoka, iache simu ya zamani inarekodi, utaona mwenyewe.

HATUA YA 4: Siku ya kuondoka kweli
Akojoe kwanza, acheze achoke, ale. Songa ugali laini uchanganye na dagaa, ushindilie kwenye sahani ya bati, weka kwenye friza ugande, huo ataulamba muda mrefu. Mifupa ya kuku iliyopikwa usithubutu, inapasuka vipande vyenye ncha. Ukitoka usiage kwa mbwembwe, ukirudi vilevile, salamu za kelele subiri atulie.

Muda: wafugaji wengi wanachukua umri kwa miezi wanaongeza moja, ndo masaa ya mwisho kubana mkojo mchana. Miezi miwili masaa matatu, miezi mitatu manne. Huo ni mwisho, sio lengo, na hapo awe ameshazoea. Usiku weka kreti karibu na unapolala, usogeze mbali taratibu.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Gungu: Mkuu mi natoka saa moja narudi saa tisa na nusu, naishi mwenyewe, papi ana miezi miwili na nusu. Nifanyeje?

Jibu: Kreti haikufai kwa masaa yote hayo kaka. Mpe stoo au kona ya ua iliyozungushiwa, kreti iwe humo mlango wazi kama kitanda, maji yawepo, na umpate kijana wa jirani umlipe kidogo aje saa nne na saa saba. Ukikosa mtu kabisa, bora utafute mbwa mkubwa badala ya papi.

Dada wa Ujiji: Sisi ni Waislamu, mbwa haingii ndani, wa ulinzi tu. Kreti nje inawezekana?

Jibu: Inawezekana dada, ila iwe barazani penye paa, mvua isimpige, na jioni mtu akae naye hapo nje maana kwake kila usiku ni kubaki peke yake. Kubwa zaidi kwa huku kwetu ni SIAFU. Masika wanapita usiku, na papi aliyefungiwa hawezi kukimbia, wanamtafuna akiwa hai. Mwaga majivu kuzunguka kreti, yakilowa mwaga mengine, na ukisikia analia tofauti usiku toka na tochi ukaangalie. Ukiwaona wanapita uani siku hiyo, usimfungie.

Mdau wa Tabora: Huku mwezi wa kumi jua linachoma balaa. Wangu anahema sana kwenye kreti, nashindwa kujua ni joto au hofu.

Jibu: Mpime. Saa ileile, mlango wazi, kaa pembeni yake. Akiendelea kuhema na we upo hapo, joto hilo. Akitulia, ilikuwa hofu. Weka chini ya mwembe, si mnayo kila ua huko, ila kachungulie saa nane kivuli kimehamia wapi, maana cha asubuhi sio cha mchana.

Mdau: Nikimpa piriton alale si inatosha?

Jibu: Hapana. Akizinduka hofu iko palepale, na dozi ya kukisia kwa kitoto cha kilo tatu ni hatari. Akizidi nenda kwa daktari wa mifugo, na hapohapo uliza ratiba ya chanjo ya parvo (ugonjwa wa kuharisha unaoua papi) na kichaa cha mbwa.

Mdau: Na nikifuga papi wawili pamoja, si hawatalia?

Jibu: Mara nyingi anayemlilia ni mtu, sio mbwa mwenzake. Utapata wawili wanaolia.

Mama wa Katonga: Mwanangu, redio inasaidia?

Jibu: Shikamoo mama. Inasaidia kuficha sauti za nje, pikipiki na watoto wa shule. Ila iwashe hata ukiwepo nyumbani, ukiiwasha wakati wa kutoka tu nayo itakuwa kama funguo, akiisikia anaanza.