Chasisi ya roboti ya mashindano: kuibuni na kuijaribu kabla hujafunga kitu chochote juu yake

Timu nyingi za wanafunzi zinaanzia juu, yaani wanakimbilia mkono, kishikio, kirusha mpira, halafu chasisi, yaani fremu ya chini yenye magurudumu na mota zake, inaungwaungwa mwishoni kwa mabomba yaliyobaki na mota zilizobaki. Mi nawaomba mgeuze huo utaratibu. Mkono ukifeli bado unaweza kusukuma vitu na kuziba njia na kuegesha ukapata pointi, ila chasisi ikifeli hakuna mechi. Na kitu kizuri cha chasisi ni kwamba unaweza kuijua kwa namba, kabla hata ya siku ya mashindano, sio kwa kubahatisha. Mifano ntaichukua kwenye FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, maana ndo saizi ambayo wengi wanaanza nayo, mashindano mengine hesabu ni zile zile unabadilisha namba tu.

Hatua ya 1: Soma kanuni ukiwa na futi mkononi

Kwenye hayo mashindano roboti wakati wa kuanza lazima iingie kwenye boksi la inchi 18 kila upande, ambayo ni sentimita 45.7. Uwanja ni mita 3.66 kwa mita 3.66. Betri ni ya volti 12 na ina fyuzi ya ampia 20, hiyo fyuzi ikumbuke maana tutairudia. Sasa usichore fremu ya sentimita 45.7 kamili, vichwa vya bolti na waya na kifuniko vyote vinakula nafasi, acha milimita 5 hadi 10 kila upande utanishukuru siku ya ukaguzi.

Hatua ya 2: Chagua aina ya mwendo

Hapa wanafunzi wanabishana wiki nzima na haistahili. Kama timu ni mpya na mnao mwezi mmoja, chukueni mwendo wa kawaida kama wa kifaru, magurudumu ya kushoto yanaenda pamoja na ya kulia pamoja. Kama mna muda wa kuandika programu na kumzoeza dereva, mekanamu ni nzuri sana, ni yale magurudumu yenye virola vilivyolala nyuzi 45 yanayoiwezesha roboti kwenda ubavu bila kugeuka, aliyabuni Bengt Ilon wa Sweden miaka ya 1970. Bei yake ni kwamba uwezo wa kusukuma unapungua, na ukienda ubavu spidi inapungua pia. Mwendo ambao kila gurudumu linajigeuza lenyewe na lina mota yake ya kugeukia, huo waachieni wenye uzoefu.

Ukichagua mekanamu angalia jambo moja tu: ukisimama juu ya roboti ukatazama chini, virola vya juu vya magurudumu manne vichore alama ya X. Ukiyafunga kinyume roboti itaenda mbele vizuri tu, ndo maana watu wanadanganyika, ila ikija kugeuka au kwenda ubavu inahangaika.

Ukichagua mwendo wa kifaru, tatizo lako ni kugeuka. Magurudumu ya mpira yakigeuka yanaburuzwa kwa ubavu, na kadri umbali wa gurudumu la mbele na la nyuma unavyokuwa mrefu kuliko upana, ndivyo mota zinavyoteseka. Weka upana mkubwa kuliko urefu kama kanuni inaruhusu. La sivyo tumia magurudumu sita na la katikati ulishushe milimita 2 au 3, hapo wakati wowote roboti inakanyagia manne tu na inageuka laini. Au weka omni mbele, yale yanayoteleza kwa ubavu, ila ujue wapinzani nao watakusukuma kwa ubavu kirahisi.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya gia, usikisie

Spidi kwanza. Tuseme mota na giaboksi yake inatoa mizunguko 312 kwa dakika na gurudumu lina kipenyo cha milimita 96. Mzingo ni 96 × 3.1416 = milimita 301.6. 312 gawanya kwa 60 ni mizunguko 5.2 kwa sekunde, zidisha unapata mita 1.57 kwa sekunde. Hiyo ni spidi ya kwenye karatasi, sakafuni ukibeba mzigo tegemea kama asilimia 80 hadi 85 yake, tuseme mita 1.3. Kwa uwanja wa mita 3.66 unavuka kwa sekunde tatu hivi, inatosha kabisa.

Sasa kila mwanafunzi ataniambia tuweke gia ya mizunguko 435 kwa dakika tuwe na spidi zaidi. Ngoja kwanza tupige hesabu ya pili, ambayo wengi wanairuka na ndo ya maana kuliko zote.

Roboti ina kilo 15, uzito wake ni nyutoni 147. Tuchukulie mshiko wa tairi na sakafu ni 1, yaani nguvu ya kushika inalingana na uzito, kwa hiyo nguvu kubwa kabisa ambayo magurudumu yote yanaweza kuisukuma sakafu kabla hayajateleza ni hizo hizo nyutoni 147, kila gurudumu karibu 37. Nusu kipenyo ni mita 0.048, kwa hiyo ili gurudumu liteleze mota lazima itoe torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni mita 1.77. Mota yetu ya 312 tuseme torki yake ya mwisho, pale inapokwama kabisa, ni 2.38. Maana yake ukisukuma ukuta gurudumu linateleza mota ikiwa kwenye asilimia 74 ya uwezo, haikwami, haiungui. Mota ile ile ukiipa gia ya kutoa 435 torki inashuka hadi kama 1.7. Umeona? Hapo gurudumu haliwezi kuteleza, mota ndo inakwama, na mota iliyokwama umeme wote unageuka joto.

Halafu ampia. Umeme unapanda pamoja na torki. Kama mota inakula ampia 9.2 ikikwama, kwenye asilimia 74 inakula karibu 6.8, mara nne ni 27. Fyuzi ni 20. Fyuzi itavumilia kidogo kwa sababu inahitaji muda kupata joto, ila dereva akikaa anasukumana na mwenzake sekunde nyingi, roboti itazima katikati ya uwanja. Kwa hiyo mueleze dereva, au weka kikomo cha umeme kwenye programu, au punguza gia, yaani chukua ya mizunguko michache zaidi. Mi napenda kupunguza gia.

Hatua ya 4: Fremu na shafti

Fremu ikikaa mshazari hakuna programu itakayoinyoosha. Kabla hujakaza bolti pima kona kwa kona, mishazari yote miwili ilingane, tofauti ya zaidi ya milimita 1 legeza upange upya. Kisha weka fremu juu ya kitu ulichohakikisha kiko bapa, kama meza ya kioo, angalia kama inacheza kona yoyote.

Shafti ishikwe na beringi pande mbili za gurudumu. Gurudumu linaloning'inia nje kwa beringi ya upande mmoja litaipinda shafti siku ya kwanza ya kugongana. Na tafadhali msitegemee kile kiskrubu kidogo kinachobana shafti ya duara, kinalegea tu, tumieni shafti ya pembe sita au ya umbo la D, au habu (kitovu cha gurudumu) inayobana shafti mzunguko mzima.

Cheni inasamehe makosa madogo ya umbali lakini inalegea, belti hailegei ila umbali wa katikati ya puli mbili lazima uwe sahihi. Kama mnatoboa kwa mkono, chagueni cheni na muweke sehemu ya kuikazia.

Hatua ya 5: Betri na waya

Betri chini kabisa na katikati kadri inavyowezekana, na uifunge. Waya usipite karibu na cheni.

Hatua ya 6: Jaribu ikiwa kwenye stendi

Inua roboti magurudumu yawe hewani. Zungusha kila gurudumu kwa mkono waya za mota zikiwa zimechomolewa, usikie kama kuna linalokwaruza. Kisha washa mota zote kwa amri ile ile kwa sekunde 10 usome enkoda zote nne, vile vihisi vya kwenye mota vinavyohesabu mzunguko. Gurudumu lililobaki nyuma kwa zaidi ya asilimia 5 lina msuguano, fungua utafute: beringi imebanwa, cheni imekaza mno, au shafti imepinda. Usirekebishe kwa programu kitu kilichoharibika kwa chuma.

Sasa chukua maka peni uchore mstari kwenye kila bolti muhimu, mstari uvuke kichwa cha bolti hadi kwenye fremu. Bolti ikilegea utaona kwa jicho.

Hatua ya 7: Sakafuni

Anza na umbali. Enkoda ikitoa pulsi 28 kwa mzunguko wa mota na giaboksi ikipunguza mzunguko mara 19.2, mzunguko mmoja wa gurudumu ni pulsi 537.6, kila pulsi ni milimita 0.561. Iambie roboti iende milimita 2000, hiyo ni pulsi kama 3565. Pima kwa futi. Ikienda 1960, usianze kuongeza namba ovyo, zidisha 0.561 kwa 1960 gawanya 2000, unapata 0.550, hiyo ndo thamani halisi ya gurudumu lako likiwa limebonyea chini ya uzito. Rudia mara kadhaa. Majibu yakiwa yanarukaruka, tatizo ni kuteleza, punguza ukali wa kuondoka.

Kisha mraba. Mwaka 1994 Borenstein na Feng wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa jaribio ambalo hadi leo sijaona la kulizidi kwa urahisi wake: roboti inazunguka mraba, kwanza kwa mwendo wa saa, halafu kinyume chake, unapima imerudi umbali gani kutoka ilipoanzia. Wao walitumia mraba wa mita 4, nyie wa mita 2 unatosha. Kwa nini pande zote mbili? Kwa sababu kosa la magurudumu kutolingana kipenyo na kosa la upana wa chasisi yanaweza kufutana ukizunguka upande mmoja, ukadhani roboti imenyooka, ukienda upande wa pili yanajumlishana na unaona uchafu wote. Wanaojaribu upande mmoja tu wanajidanganya.

Wa mekanamu ongezeni jaribio la ubavu, mita 2 kushoto na mita 2 kulia. Ikijizungusha yenyewe, mara nyingi uzito umeegemea mbele au nyuma. Sogeza betri kwanza.

Hatua ya 8: Ipe chasisi uzito wa kesho

Hapa ndo ningependa kila timu itumie siku nzima. Chasisi tupu ya kilo 7 inamdanganya kila mtu, inaruka, inageuka, wote mnapiga makofi. Fungeni mifuko ya mchanga mpaka ifike kilo zile mnazotegemea mwishoni, na muiweke kwenye kimo ambacho mkono utakaa, sio chini. Kisha rudieni hatua ya 7 yote.

Jaribio la kupinduka: inua upande wa nyuma taratibu kwa mkono mpaka roboti ifike pale inapotaka kuanguka mbele, pima ile pembe. Kwa mshiko wa 1, ikiwa chini ya nyuzi 45, ukifunga breki ghafla itapinduka kabla haijateleza. Dawa ni kushusha uzito, kurefusha nafasi ya magurudumu, au programu ipunguze spidi polepole.

Kisha sukuma ukuta kwa sekunde 3 hivi, magurudumu yateleze, yasipoteleza rudi hatua ya 3. Angalia na volti wakati wa kuondoka kwa nguvu zote, ikiporomoka sana mpaka kidhibiti kinakata mawasiliano, betri imechoka au kuna kiunganishi kimelegea.

Mwisho endesheni mechi nzima, sekunde 30 za kujiendesha na dakika 2 za dereva, mara tatu mfululizo bila kugusa spana. Shika mota kwa tahadhari usikie joto, pitia mistari ya maka peni, andika volti. Na mkono ukishafungwa, rudieni mraba na ile pembe ya kupinduka, namba zitakuwa zimebadilika, muandike mpya pembeni ya zile za mchanga mjue tofauti imetoka wapi.