M au Av? Usijitese bure

Wadau wa kamera, hii habari ya "fundi wa kweli anapiga manyuo tu" (ile M, kila kitu unapanga mwenyewe) imeshaharibia watu picha nyingi sana. Sendofu ya nje saa kumi jioni, wingu linaingia linatoka, bibi harusi mara yuko chini ya mwembe mara juani, ukikomaa na M utazungusha vidude mpaka keki imeshakatwa na kulishana kumeisha. Mimi hapo naweka Av (nachagua uwazi wa lenzi, spidi inapangwa na kamera), kwa Nikon imeandikwa A tu, uwazi f/2.8, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, naiacha oto ila nimeshaiambia spidi ya shata isishuke chini ya 1/250, halafu kidole gumba hakitoki kwenye ile +/- ya kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Shela jeupe likijaa kwenye fremu kamera inadhani mwanga umezidi, inatia giza, basi naongeza +1 hivi. Suti nyeusi ni kinyume chake.

M naitumia mwanga ukitulia: pasipoti saizi, studio, au ukumbini na flashi, naanzia 1/160, f/4, ISO 1600. Na zile picha za kuunga ziwe ndefu pia M, la sivyo anga linatoka viraka viraka.