Kabla hujashika nyundo: mambo ya kuangalia unapotaka kunyoosha bodi ya gari iliyobonyea

Kazi nyingi za bodi zinazofanyiwa nyumbani huharibikia kwenye puti, ule mchanganyiko mzito wa kuziba mashimo kabla ya rangi, kwa sababu puti inatumiwa kuficha bati ambalo halikunyooshwa. Tabaka likizidi milimita 3 hivi, linaanza kupasuka au kubanduka kadiri gari linavyotikisika. Basi lenga kurudisha bati karibu kabisa na mahali pake, ili puti izibe vijishimo tu.

Anza na ukaguzi. Zungushia sumaku ndogo kitambaa chembamba, uiburute taratibu kwenye paneli. Ikilegea ghafla mahali fulani, hapo pana puti ya zamani, na ukigonga itameguka. Isiposhika kabisa, paneli ni ya alumini au plastiki, na hiyo ni kazi nyingine. Kisha sukuma ncha ya bisibisi chini ya mlango na kwenye ukingo wa tao la gurudumu. Ikizama, bati limeoza na linataka kukatwa na kuchomelewa kipande kipya. Nguzo za milango na chesi, yaani fremu inayobeba gari, mwachie fundi, hata pabonyee kidogo namna gani.

Jiulize pia kama utafika nyuma ya bati. Kwa mlango, pandisha kioo hadi juu kwanza ili nafasi ya ndani ibaki wazi, ndipo uzime gari, uchomoe waya wa hasi wa betri na kufungua kava la ndani. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika kadhaa kabla ya kugusa waya wowote.

Ujanja wa maji ya moto unafaa kwa bampa ya plastiki: mwagia, sukuma kutoka ndani, kisha poza kwa maji baridi. Kwenye bati usipoteze muda nao. Kikombe cha mpira cha kunyonya huvuta bonyeo pana lisilo na mkunjo, lakini penye mkunjo mkali bati limeshavutika, na hapo hakifui dafu.

Kwa kugonga, andaa nyundo yenye uso laini na kipande kizito cha chuma kilicholainishwa, cha kushikilia upande wa pili. Sukuma katikati kutoka ndani huku ukigonga polepole matuta yaliyojitokeza pembeni. Usimalizane na katikati peke yake. Ukipiga kwa nguvu sana bati linatanuka, kisha linaingia na kutoka kila ukilibonyeza, na kulirudisha ni shida. Pitisha kiganja chote, si ncha za vidole, juu ya kitambaa chembamba. Mkono hugundua bonde ambalo jicho halilioni.

Puti ipakwe kwenye bati tupu, safi, lililokwaruzwa kwa msasa namba 80. Kipimo cha kawaida ni gramu 2 za hadena (dawa ya kugandisha) kwa gramu 100 za puti, ila soma kopo lako. Hadena ikizidi, rangi yake inaweza kupenya hadi juu ya rangi ya gari. Ikipungua, puti inabaki inanata. Una dakika chache tu kabla haijaganda, kwa hiyo changanya kidogo kidogo, juu ya plastiki au kioo. Usitumie boksi, linanyonya utomvu wake. Piga msasa pakavu, 80, kisha 180, kisha 240, ukiwa na barakoa ya vumbi. Puti hunyonya maji, na maji hayo ndiyo huleta kutu na malengelenge baadaye. Maji yasubiri hadi praima, yaani rangi ya msingi, ikauke, ndipo utumie namba 400 na 600.

Rangi ya kopo la kupuliza inatosha. Zile za kuchanganya na hadena zina kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Namba ya rangi kwa kawaida iko kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, lakini rangi iliyopigwa jua miaka mingi haitalingana nayo. Puliza kwanza kwenye kadi, ikauke, uiweke kwenye paneli ukiwa juani. Ikitofautiana, paka paneli nzima hadi kwenye kiungio.