Namna ya kuchunga kifua cha mtoto mwenye kidingapopo

Homa ya dengue, ambayo watu wa pwani waliiita kidingapopo tangu zamani, huwahadaa wazazi kwa jambo moja: hatari yake kubwa huanza joto linaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7, mtoto anapodhaniwa amepona. Kipindi hicho mishipa midogo ya damu huvuja kwa saa 24 hadi 48, na majimaji ya damu hujikusanya tumboni na baina ya pafu na ukuta wa kifua, mara nyingi upande wa kulia.

Kwa hiyo, homa ikishuka, hamishia macho kwenye pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, mfunue fulana, weka saa ya simu mbele yako na uhesabu kila kifua kinapoinuka kwa dakika 1 kamili, kwa sababu pumzi za watoto hazina mwendo mmoja na hesabu ya nusu dakika hupotosha. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kiasi. Ukiona hivyo, au mbavu zinabonyea ndani, pua zinatanuka, au anagumia, mpeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo tumbo likimuuma sana, akitapika mfululizo, akitoka damu puani au kwenye fizi, akilegea, au mikono na miguu ikiwa baridi.

Nyumbani mpe ORS (maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari), madafu au uji mwepesi, kidogo kidogo. Homa itulizwe kwa parasetamoli pekee, kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huzidisha hatari ya kutokwa damu.

Hospitalini, tafadhali usishinikize atundikiwe dripu. Wengi wetu huiona kama dawa yenyewe, ilhali maji yakizidi huishia mapafuni, hasa siku za nafuu, yale yaliyovuja yanaporudi kwenye mishipa. Usishangae pia daktari akiyaacha maji ya kifuani bila kuyatoa: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chache, sindano ya kifuani inaweza kusababisha damu isiyokatika, na mara nyingi maji hayo hunywewa na mwili wenyewe. Mkisharuhusiwa, endelea kuhesabu pumzi asubuhi na jioni kwa siku 2.