Asparagasi uwani: ukivuna usikate yote, huku kwetu hakuna baridi

Nyinyi mlopanda asparagasi uwani, ile mboga tunayokula machipukizi yake, iwe ni Kisauni, Likoni au kule Bamburi kwenye mawe, leo tuongee kuvuna, manake hapo ndo watu wanaua mmea wenyewe huku wanadhani wanafanya sawa. Kupanda si kazi kubwa. Kazi ni kujua chipukizi lipi usilikate.

Shida inaanzia kwenye zile video tunazoangalia kwa simu. Nyingi zinatoka Uingereza na Marekani, na kule baridi ikiingia mmea unalala, majani yote yanakauka, mizizi inabaki chini ya ardhi na sukari yake, halafu joto likirudi machipukizi yanatoka kwa pamoja. Waingereza msimu wao unajulikana kabisa, kuanzia 23 Aprili mpaka 21 Juni hivi, wanakata kila kinachotokeza kwa wiki 6 mpaka 8 kisha wanaweka kisu chini na mmea unaachiwa ukue hadi baridi nyengine. Kwao ni sawa. Sasa wewe uko Mombasa, Julai ndo mwezi wetu wa ubaridi na bado watu wanalala na feni, huo mmea utalala saa ngapi?

Haulali. Unachipua mwaka mzima, kidogo kidogo, leo mawili kesho moja. Na kila chipukizi linatoka kwa akiba ya sukari iliyo kwenye mizizi, akiba inayotengenezwa na majani peke yake, yale majani laini kama manyoya yanayofunguka ukiacha chipukizi lirefuke. Ukikata kila linalochomoza, mizizi inatoa tu na hairudishiwi kitu. Utaona mwanzo yalikuwa na unene wa kidole, baadae penseli, mwisho yanatoka vijiti, na mtu anakimbilia kununua mbolea ati udongo umechoka. Si udongo jamani, ni kisu.

Njia inayofaa joto kama letu ndo ile wanayotumia Thailand na Taiwan, ambako nako baridi si kali kama ya Uingereza. Kila kisiki, yaani lile shina la chini ya ardhi linalotoa mizizi na machipukizi, unakiachia mashina mama, matatu mpaka matano, unachagua manene, yaliyonyooka, yasiyo na madoa, na yasiwe yamebanana upande mmoja. Hayo huyagusi. Yanakua juu yanafungua majani, yanapiga jua na kulisha mizizi, na wewe unavuna mengine yote yanayotoka pembeni. Yakifika mita moja na zaidi yataanza kulala na upepo, haswa kusi ikishika, kwa hivo choma miti miwili ardhini ufunge kamba pande zote mbili. Ukivuna hivo kwa miezi miwili mitatu mashina mama yanaanza kuzeeka, majani yanageuka manjano. Hapo acha kuvuna, achia machipukizi mapya manene yachukue nafasi, na yakishafungua majani ndo unakata yale ya zamani chini kabisa. Upe mmea samadi iliyooza vizuri na maji, pumzisha kama mwezi hivi, kisha endelea. Samadi mbichi ya kuku usimwage juu ya kisiki, itaunguza.

Kuanza kuvuna lini? Kule kwenye baridi aliyepanda mbegu anangoja mpaka mwaka wa tatu ndo avune kwa raha. Huku unakua haraka kwa sababu haupotezi miezi ukilala, lakini mwaka wa kwanza mimi nasema usiguse, acha yote yawe majani, najua inauma kuyaangalia tu. Na hata mwaka ukiisha angalia unene kwanza, kama machipukizi hayajafika unene wa penseli basi bado, tarehe haisaidii kitu hapo.

Sasa kukata kwenyewe. Nenda alfajiri, jua halijapanda, chipukizi limejaa maji na linakatika kwa mlio. Angalia kichwa, sio urefu peke yake: magamba ya nchani yawe yamefungana, yamebana, ukipitisha kidole yasikwaruze. Vitabu vinasema sentimita 18 mpaka 25, lakini wakati wa kaskazi, Februari na Machi joto likipita 30, kichwa kinafunguka hata kabla ya kufika hapo, kwa hivo kata likiwa sentimita 15 au 18 usingoje urefu wa kwenye picha. Miezi hiyo pita bustanini mara mbili, asubuhi na jioni, manake uliloliacha asubuhi ati ni fupi bado jioni unalikuta limeshapitiliza. Juni mpaka Agosti mara moja asubuhi yatosha. Lililofunguka kichwa usilikate kwa hasira, ni gumu halitafuniki, bora liongezeke kwenye mashina mama kama ni nene.

Kuna wanaokata kwa kisu na kuna wanaovunja kwa mkono. Mimi kwa bustani ya nyumbani nasema vunja: shika chini karibu na ardhi, pinda polepole, litakatika lenyewe pale ulaini unapoanza na kile kipande kigumu kinabaki huko huko. Ukipenda kisu, kata usawa wa udongo tu. Usichomeke kisu ndani ya ardhi kwa mshazari, manake chini pale kuna macho mengine ya kisiki yanangoja zamu, na ukikata moja umevuna na kuua machipukizi ambayo hujayaona bado. Kisu kiwe kikali na kisafi, ukitoka kisiki kimoja kwenda chengine kipanguse na maji ya jiki. Sio madoido hayo. Pwani yetu na unyevu huu ugonjwa wa ukungu unapita haraka, unaanza na vidoa vya hudhurungi kwenye shina, vinakua virefu, kisha shina zima linakauka kutoka juu. Mvua za masika ndo mbaya zaidi. Mmea ukiwa umerowa usivune, ngoja ukauke, na shina lenye madoa likate ulichome moto, usilitupe kwenye shimo la mbolea.

Maji ya kisima ya chumvi watu huniuliza sana. Asparagasi inavumilia chumvi kuliko mboga nyingi, na udongo wetu wenye chokaa ya matumbawe haiuogopi, kwa hivo mmea mkubwa utaenda na maji ya kisima bora yasiwe makali kupita kiasi. Ile miche midogo ndo haivumilii, ipe maji ya mvua au ya mfereji. Na ile habari ya wazee wa Ulaya kumwaga chumvi kwenye asparagasi ili kuua magugu, achaneni nayo, huku chumvi tunayo ya kutosha.

Kwa wenye watoto, mimea ya kike inazaa vitunda vidogo vyekundu vizuri vya kutamanisha, vina sumu, vitoeni mapema. Pia vikianguka vinaota kila mahali na vinageuka magugu. Na lile ua la manyoya linalouzwa kwenye vitalu vya barabarani na kuwekwa kwenye mashada ya harusi ni ndugu yake tu, si la kula.

Ukishavuna usiache kwenye karai juani ukaenda kupiga gumzo na jirani. Asparagasi ni katika mboga zinazochoka haraka kuliko zote, sukari inapungua kila saa na nyuzi zinakuwa ngumu kuanzia chini kupanda juu, na kwa joto letu hata nusu siku unaitambua mdomoni. Tia kwenye maji baridi mara moja. Kama hupiki siku hiyo, simamisha kwenye gilasi yenye maji kidogo chini, funika vichwa na kitambaa kibichi, weka ndani ya friji, siku tatu nne utaenda nayo ingawa utamu si ule. Mimi naona bora ipikwe siku hio hio: mafuta kidogo, thomu, moto mkali, dakika tatu nne tu, chumvi na ndimu mwisho. Anayetaka nazi atie tui zito wakati wa kuepua, lisichemke sana. Vile vipande vigumu vya chini menya ganda lake kwa kisu, ndani bado pana ulaini, na maganda yenyewe chemsha upate maji ya supu.