Usikimbilie leza kubwa, sukuma chapati kwanza

Kijana niliyemfundisha fizikia hapa Mtwara, sasa yuko chuoni, alinipigia juzi. "Shikamoo mwalimu. Nimepewa kazi ya kuongeza ufanisi wa chanzo cha mwanga wa nanomita 13.5. Nitafute leza kubwa zaidi?" Marahaba, na hapana. Mwanga huo hupatikana kwa kulipiga leza tone la stani, ile iliyomo kwenye waya wa kulehemu wa fundi redio, hadi ligeuke plazma, yaani gesi ya moto mno ambayo atomi zake zimepoteza elektroni. Nikamwandikia haya.

Kubalianeni kipimo kwanza. Chukua nishati ya mwanga wa nanomita 13.5, ndani ya upana wa asilimia 2 tu, unaotoka upande mmoja wa nusu tufe, ugawanye kwa nishati ya leza iliyopiga. Mitambo mizuri hupata asilimia 5 au 6. Mtu akikutajia 20, muulize kagawanya kwa kitu gani.

Tone la stani lina upana wa mikromita 30 hivi, na matone 50,000 hupita kila sekunde. Mwali wa leza ya kaboni dioksaidi ni mpana kuliko tone. Ukilipiga likiwa bado gololi, nishati nyingi inapita pembeni na unaambulia kama asilimia 1. Kwa hiyo piga mara mbili. Pigo la kwanza, dogo, linalisukuma tone kama chapati. Subiri mikrosekunde chache litandae hadi mikromita mia kadhaa, ndipo ulishushie pigo kubwa. Muda huo wa kusubiri uchezee kabla hujagusa kitu kingine chochote, hatua ndogondogo, na kila namba uiandike. Ukiwahi, chapati bado nene, ukichelewa, imeshachanika.

Halafu joto. Mama yangu kule Newala akikaanga korosho za kubangua anajua: moto hafifu, ganda halikubali; moto mkali, kiini kinaungua. Ioni tunazozitaka, yaani atomi za stani zinazotoa mwanga wetu, zimepoteza elektroni 8 hadi 14. Plazma ikipoa hazifiki huko, ikizidi moto zinapitiliza, na nishati inaishia kwenye mawimbi yasiyotufaa.

Sasa urefu wa wimbi la leza. Ya mikromita 10.6, ile ya kaboni dioksaidi, inanyonywa plazma ikiwa nyepesi, hivyo mwanga unaponyoka. Ya mikromita 1 inaunda plazma nzito inayomeza mwanga wake yenyewe. Ila hesabu ukiianzia kwenye LUKU, ya kaboni dioksaidi inakula umeme mno. Ndiyo maana watafiti wanahangaika na leza za mikromita 2.

Kioo cha kukusanyia mwanga kisipakwe stani. Pitisha haidrojeni, inaigeuza stani kuwa gesi inayovutwa nje. Usiimwage ovyo, nayo humeza mwanga kidogo.