SOMO: Kliniki yako ndogo isife na wagonjwa wamejaa mlangoni

Assalaam aleikum wanajamvi. Kila wiki naulizwa pembeni: "Daktari, wagonjwa ninao, lakini tarehe ya mshahara sina cha kumpa nesi. Nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, basi naandika hapa mara moja. Mimi ni afisa wa kliniki, nina kliniki ya vyumba vitatu Kisauni, Mombasa, mwaka wa tisa huu.

1. Leseni yako, ya kliniki na ya kaunti: zihuishe mapema.

2. Kliniki iwe na till yake ya M-Pesa. Pesa ya wagonjwa isipite kwenye simu yako.

3. Jua nani anakulipa. Hapa ndipo nilipoumia. Kampuni moja ya bima ilinipa mkataba wa kutibu wafanyakazi wa bandarini, na mwaka haukwisha, katika kila shilingi kumi zangu saba zikawa zatoka kwao. Nikaajiri nesi wawili, nikachukua dawa kwa mkopo. Kisha malipo yakakatika miezi mitano. Nilipokwenda ofisini mwao nikatolewa bahasha nene ya fomu zangu zilizokataliwa: hii haina sahihi ya mgonjwa, hii imeandikwa malaria na majibu ya maabara hayamo, hii imeletwa muda umepita. Niliuza mashine ya altrasaundi ili nimlipe muuza dawa. Nililia siku ile.

Kwa hivyo, tafadhalini: mlipaji mmoja asizidi theluthi ya mapato. Fomu ijazwe na kutiwa sahihi mgonjwa angali kitini, si jioni. Kila Ijumaa fungua daftari uone dai gani limekaa siku ngapi. Likifika 60, andika barua na usiongeze deni la dawa. Hata SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ihesabu hivyo hivyo: pesa ni pesa ikishaingia benki.

4. Wagonjwa wa sukari na presha wawekee siku yao. Mimi ni Jumamosi: kupimwa, dawa za mwezi, bei moja inayojulikana, na simu siku moja kabla. Malaria huja na mvua ikaondoka na mvua. Hawa hurudi kila mwezi, na ndio waliosimamisha kliniki yangu tena.

5. Mashine ya ghali nunueni kwa ushirika. Sasa tuko watatu kwa altrasaundi moja.

6. Risiti za eTIMS, zile za kielektroniki za mamlaka ya kodi (KRA), toa kila siku, usingoje KRA wakuulize.

MASWALI

— Kwa hiyo bima tuzikatae?
Soma hatua ya 3. Sijaandika hivyo.

— Niko Likoni, nataka kufungua mwezi ujao. Nitumie bajeti yote.
Hukusema vyumba vingapi, maabara ipo au haipo, kodi ni ngapi. Siwezi kukisia pesa za mtu. Lete hizo kwanza.

— Daktari, hiyo theluthi wahesabu vichwa au shilingi?
Swali zuri, dadangu. Shilingi. Wa bima wanaweza kuwa ishirini katika mia na wakaleta nusu ya mapato, kwa sababu wao hufanya vipimo vyote na huchukua dozi nzima. Wa taslimu huomba umpunguzie. Ukihesabu vichwa utajiona salama kumbe hupo. Chukua miezi mitatu iliyopita, andika kila mlipaji na alichokuingizia hasa. Ukikwama niandikie, tutazipitia pamoja.

— Na Ramadhani? Mchana kliniki yangu huwa tupu.
Mimi hufungua tena baada ya tarawehe hadi saa sita usiku. Ila wa sukari usiwangoje mwezi uandame. Waite Shaaban, hasa wanaodunga insulini, mpange upya dozi na saa, na umwambie waziwazi yule ambaye kufunga kutamdhuru.

— Kweli. Mimi humwita na anayempikia. Tambi na kaimati za futari ndizo hupandisha sukari kwangu.
Hilo sikuwa nalifanya. Shaaban hii naanza.